Pedi za Dunja Msimu wa Pilipili

Jumatatu, 25 Agosti

Leo tumechuma pilipili za kwanza. Ndefu, nyekundu, zimejaa nyama. Dunja alivunja moja akanilisha nusu tukiwa tumesimama kati ya matuta, na mama yake akageuza uso. Mama Persida hugeuza uso kila Dunja anaponigusa. Huu ni mwaka wa tatu nakaa nyumba hii, na bado akiulizwa na wageni mimi ni nani, hujibu, "Huyo ni mpangaji." Mpangaji gani asiyelipa kodi na anayelala chumba cha binti wa mwenye nyumba?

Watu wa kijiji hiki si wajinga. Kutoka hapa hadi Leskovac mjini si mbali, na maneno husafiri haraka kuliko basi. Wanajua mimi na Dunja tunaishi kama mke na mke. Wanajua pia kwamba nilipozaliwa niliitwa mvulana, nikapewa jina la kiume, na kwamba nilipokua nililiacha jina hilo nikachukua la bibi yangu, Stamena. Wanajua yote. Wanachotaka ni kuona nitakasirika lini.

Alhamisi, 28 Agosti

Kuchuma. Mgongo.

Jumamosi, 30 Agosti

Dunja kaingia mwezini. Siku ya kwanza hawezi kunyooka, hujikunja kitandani kama paka, kwa hiyo mimi ndiye huenda dukani kwa Slavka.

"Karibu, Stamena. Mkate?"

"Mkate, na pedi. Zile za pakiti ya kijani, za usiku."

Slavka akapaza sauti makusudi ili walioko nje wasikie. "Pedi za usiku! Za nani tena, mwenzangu?"

Mlangoni, juu ya kreti ya bia, alikuwa ameketi jirani yetu Tihomir, yule mwenye gari dogo la mizigo anayetupelekea pilipili sokoni. "Za kwake mwenyewe!" akasema. "Alitaka uanamke, apewe wote, na maumivu ya tumbo juu!"

Wakacheka. Nikamwambia, "Tihomir, ukizihitaji wewe usione haya. Nitakuletea mpaka mlangoni."

Bia ikampalia. Slavka akacheka zaidi, safari hii kwa upande wangu. Nikatoka nimenyoosha shingo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikizifunga kwenye gazeti. Siku hizi nazibeba wazi mkononi pamoja na mkate.

Dunja aliwahi kuniambia, "Usiende kama wanakuchosha. Nitakwenda mwenyewe nikipata nafuu." Lakini napenda kwenda. Napenda kujua kwamba za manukato zinamwasha, kwamba za mchana anazitaka nyembamba na za usiku ndefu zenye mabawa. Mtu anayempenda mwenzake anapaswa kujua vitu kama hivyo.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Hatukuchuma. Mama Persida kakoka jiko, kapika maharage.

Jumanne, 9 Septemba

Dunja bado anatoka damu. Anasema ni mwezi umechelewa kuisha kwa sababu ya kubeba magunia. Nimerudi dukani.

"Tena?" Slavka akauliza.

"Tena."

"Si juzi tu umebeba?"

"Wewe hesabu mikate yako, mama."

Jumamosi, 13 Septemba

Tumeanza kuchoma. Kila ua lina jiko lake la bati, kila ua linafuka moshi, na kijiji kizima kinanukia ganda la pilipili lililoungua. Huu ndio msimu wetu; mitungi ya ajvar, rojo ya pilipili za kuchoma, tutakayouza sasa ndiyo itakayotulisha mpaka majira ya kuchipua. Mama Persida anageuza pilipili juu ya bati kwa vidole vitupu, haungui. Mimi namenya. Dunja hukoroga sufuria, na kazi ya kukoroga ni ya mwenye mkono imara, maana ukiacha mwiko kidogo tu rojo inashika chini.

Leo aliketi mara kadhaa. Akasema ni moshi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeenda kwa Slavka tena. Hakukuwa na mtu nje. Aliweka pakiti juu ya kaunta, lakini akaendelea kuishikilia.

"Huyo Dunja wako ana nini?"

"Hana kitu."

"Mwanamke mmoja hamalizi pedi zote hizi. Marehemu dada yangu alianza hivihivi—"

"Slavka, nipe chenji yangu."

Nilijua anatafuta la kusimulia. Kesho Tihomir angekuwa analo, keshokutwa kanisa zima.

Lakini njiani neno lake halikuniacha. Baada ya chakula nikamwambia Dunja, "Twende kwa daktari." Akasema baada ya ajvar. Nikasema ajvar haina miguu, haitakimbia. Akasema nisimfanye mgonjwa. Nikasema, "Damu hii si ya kawaida."

Akanigeukia. "Na wewe kawaida unaijua wapi? Hujawahi kutokwa na hata tone."

Mama Persida alikuwa mlangoni na sahani. Alisikia. Aliweka sahani mezani polepole, akatoka.

Dunja alijua amenichoma, alinyoosha mkono juu ya meza akagusa vidole vyangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumemenya siku nzima. "Nipe kisu." "Chukua." Basi.

Jumanne, 23 Septemba

Nilijikaza nikamwambia Mama Persida kwamba nina wasiwasi na Dunja. Hakuniangalia. "Wanawake wa ukoo wetu ndivyo tulivyo," akasema. "Mimi nilichimba viazi damu inanishuka mpaka kwenye viatu. Haya si mambo ya kupiga kelele."

Hakusema "si mambo yako." Nilimwona akilitafuna hilo neno, kisha akalimeza. Bado nililisikia.

Nikaamua kunyamaza. Nilijiambia, labda kweli sijui. Labda wanawake wote wawili wa nyumba hii wanajua, na mimi naogopa kitu nisichokielewa kama mtoto anavyoogopa radi.

Jumapili, 28 Septemba

Damu ilipita kwenye pedi mbili, nguo, shuka, ikafika kwenye godoro. Usiku tulitandika nyingine; alfajiri niliipeleka ile chafu bombani kabla Dunja hajaamka. Maji ni baridi, nikaona nichemshe. Nikasikia miguu nyuma yangu. Mama Persida, na koti juu ya nguo ya kulalia. Alitazama beseni, maji yalivyokuwa yamebadilika rangi. Alitazama kwa muda.

"Usitumie ya moto," akasema. "Damu itashika. Baridi, na chumvi."

Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa chumvi, akauweka karibu na goti langu. Kisha akainama upande wa pili wa beseni, akashika pembe ya shuka. Tuliisugua pamoja. Tuliikamua, yeye huku mimi kule, na hata maji yalipokwisha kutoka yeye aliendelea kuikaza.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua tena. Dunja ana rangi ya nta. Anasema amechoka tu.

Jumapili, 5 Oktoba

Sijaweza kuandika tangu juzi. Naanza na Ijumaa.

Baada ya sufuria hii zilikuwa zimebaki mbili tu. Dunja anakoroga, mimi namimina mafuta, Mama Persida anachemsha mitungi. Dunja akasema, "Shika mwiko kidogo." Nikaupokea. Sikuwa hata nimeuzungusha mara moja nikasikia kishindo. Alianguka upande, shukuru Mungu si upande wa moto. Midomo ilikuwa myeupe. Suruali yake ya kazi ni nyeusi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona, lakini nilipomshika miguuni mkono ulirudi mwekundu wote.

Mama Persida alipiga yowe moja tu. Mimi nilikimbia kwa Tihomir. Sikubisha hodi. Alikuwa anakula, aliniona mikono, akainuka na kijiko mkononi. "Funguo ziko garini," akasema. Tulimlaza Dunja nyuma, juu ya magunia matupu ya pilipili, kichwa kwenye mapaja yangu. Mama Persida aliketi mbele. Tihomir aliendesha kama mwizi, na njia nzima alikuwa akipiga kelele, "Stamena, anapumua? Stamena, mwambie aongee!" Hajawahi kulitaja jina langu bila kicheko. Sikuligundua hilo hadi leo ninapoandika.

Hospitali walimchukua kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi akauliza ndugu ni nani.

"Mimi ni mama yake," akasema Mama Persida.

"Na huyu?"

Mama Persida alifungua mdomo, akaufunga. "Anakaa kwetu," akasema. Lakini alinishika mkono wa sweta, tukaingia wote, na muuguzi hakutuzuia.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya nywele. Alimwinamia Dunja. "Siku zako zikoje? Unatoka damu nyingi?"

"Kawaida tu," Dunja akasema, sauti kama ya mtu aliye kisimani.

"Kawaida, daktari," mama yake akaitikia. "Kwetu ndivyo tulivyo."

Nilisimama pale miguuni pa kitanda. Nilikumbuka ile sentensi, hata tone. Nikaogopa kwamba nikifungua mdomo daktari atanitazama kuanzia juu hadi chini, mabega haya, mikono hii, sauti hii, na atauliza mimi ninajua nini.

Nikasema, "Si kawaida. Mimi ndiye ninayemnunulia pedi."

Wote wakanigeukia.

"Zamani pakiti mbili zilimtosha mwezi mzima," nikasema. "Sasa pakiti moja haifiki keshokutwa. Anaziweka mbilimbili na bado zinapita. Damu haikauki tangu mwisho wa Agosti. Na kuna mabonge, daktari, makubwa kama plamu. Anayaficha kwenye karatasi, lakini ndoo naimwaga mimi."

Dunja akafumba macho. Mama Persida alinitazama kana kwamba nimemvua binti yake nguo mbele za watu, halafu uso ukabadilika, ukazeeka. "Kama plamu?" akauliza. "Hukuniambia kama plamu, Dunja."

Daktari hakunitazama kuanzia juu hadi chini. Aliniuliza maswali mengine, nikajibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikasema sijui. Kisha akaamuru damu iletwe. Walimtundikia mfuko wa kwanza palepale, na baada ya kupimwa kwa mashine wakatuambia: uvimbe ndani ya mfuko wa uzazi, zaidi ya mmoja, mkubwa kuliko ngumi. Watamwongezea damu mpaka apate nguvu, kisha watampasua. Yaelekea mfuko wenyewe utatolewa.

"Mngemleta mapema," daktari akasema, bila ukali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jana waliniruhusu kukaa naye. Rangi imeanza kurudi masikioni. Nilikuwa namchana nywele akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kuna kitu. Nilikipapasa kwa mkono. Nilijua watasema waung'oe mfuko."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Machozi yakamteremka kuelekea masikioni. "Ningekulilia vipi wewe? Kitu ambacho wewe ungekipokea kwa mikono miwili, mimi nije nikulilie kwamba changu kinaondolewa? Niliona ni tusi. Halafu nikakutukana vibaya zaidi."

Nilimwambia, "Mjinga wewe." Akasema, "Najua." Tukacheka kidogo, akashika tumbo, nikamwambia asicheke.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilirudi nyumbani nikijua pilipili zilizobaki zimeoza. Nikakuta uani kuna moto. Slavka kafunga duka siku ya kazi, kafunga kitambaa kichwani, anakoroga sufuria yetu. Tihomir anamenya, vibaya sana, anaacha maganda.

"Slavka," nikasema, "siku ile ulipotaka kuniambia habari za dada yako—"

"Alikufa kwa kunyamaza," akasema. "Duka lilikuwa la mama wakati ule. Pedi alizichukua mwenyewe rafuni, nami nilimwona, na sikuuliza. Ndiyo maana nauliza sasa. Najua nauliza kwa mdomo mbaya, mwingine sina. Shika mwiko, mkono umekufa ganzi."

Nikaushika. Mimi nilidhani namjua yule mwanamke.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mitungi yote imefungwa. Jioni mimi na Mama Persida tunakula wawili tu, tunasikilizana tukitafuna. Leo kaniuliza, "Unakula pilipili kali?" Nikasema nakula. Akanisogezea sahani.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamempasua. Wametoa mfuko. Yu hai.

Jumatano, 15 Oktoba

Yu hai.

Alhamisi, 23 Oktoba

Dunja yuko nyumbani. Anatembea ameinama, ameshikilia tumbo kwa mto mdogo. Alisimama uani, akahesabu mitungi kwa macho, akauliza nani alikoroga sufuria ya mwisho. Nikamwambia Slavka. "Imeungua chini," akasema baada ya kuonja. Nikajua amepona.

Mchana alilia tena kwa ajili ya mfuko, na mimi sikumwambia anyamaze. Nilimshika tu.

Jumatatu, 3 Novemba

Tihomir mlangoni kwa Slavka: "Stamena, sasa hununui tena. Slavka atafilisika!" Nikamwambia ofa yangu kwake bado ipo.

Jumanne, 11 Novemba

Leo limetokea jambo ambalo naliandika nikiwa bado silielewi vizuri.

Dunja alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Mama Persida alikuwa barazani akitunga pilipili za mwisho kwenye uzi, za kukausha. Nilikuwa napita na kuni.

"Wewe," akaita.

"Naam, Mama."

Huwa ananijibu, "Mimi si mama yako." Leo hakujibu hivyo. Alichoma pilipili nyingine katikati ya kikonyo. "Kule duka la dawa mjini, unakokwenda Slavka akiishiwa. Ukinunua vile vitu, wanakutazamaje?"

Nikaweka kuni chini. "Wengine wanacheka. Wengine hawana habari. Muuzaji anataka tu kujua saizi."

"Nasikia kuna za wazee."

"Za wazee zipi?"

"Usinifanye niseme mara mbili, binti."

Nilisimama kama nguzo. Nilihisi nikionyesha kwamba nimelisikia lile neno, atalichukua arudi nalo. Yeye akaendelea, macho kwenye sindano.

"Mkojo unanivuja. Nikikohoa, nikicheka, nikinyanyua gunia. Tangu nilipomzaa huyo aliyelala ndani. Naweka vitambaa. Kanisani nasimama mlangoni, watu wanadhani napenda hewa."

"Miaka yote hiyo? Dunja anajua?"

"Hajui, na asijue. Slavka naye usimguse, mdomo wake hauna mlango. Nenda mjini."

"Mama, daktari yule yule angeweza—"

"Kwanza hizo. Daktari baadaye. Taratibu."

Nikasema sawa. Halafu nikauliza, kwa sababu nilitaka kujua, "Kwa nini mimi?"

Alifikiri. Upepo ulikuwa unazigonganisha pilipili kavu juu ya vichwa vyetu. "Kwa sababu wewe unaweza kusimama mbele ya watu," akasema, "ukataja kitu kwa jina lake, wakacheka, na ukarudi nacho nyumbani. Mimi sijaweza. Kama ningeweza, ningekuwa nimempeleka mtoto wangu kwa daktari Septemba."

Nikasema la kazi. "Wataniuliza kiuno chako."

"Cha Dunja hukukijua?"

"Cha Dunja nakijua kwa mikono. Chako sikijui."

Akanitazama, mara ya kwanza leo. Akachoma sindano kwenye kitambaa, akakata kipande kirefu cha uzi kwa meno, akanipa. Kisha akasimama akanyanyua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Haya. Pima."

Nilipitisha uzi nyuma yake. Ili niushike upande wa pili ilinibidi nimsogelee mpaka shavu langu likagusa bega lake. Alinuka moshi na sabuni ya kufulia. Chini ya sweta zote zile ni mwembamba, sikuwa nimejua.

"Usikaze," akasema. "Mimi si gunia."

"Sikazi, Mama."

Uzi ulikutana mbele, nikafunga fundo. Nilikuwa nimemaliza. Alishusha mikono yake polepole, ikatua mgongoni kwangu, ikakaa hapo. Hakupapasa wala kukumbatia. Ilikaa tu, mizito. Nami sikutoka.

Kisha akakohoa, akajikunja kidogo, akatoa tusi la zamani ambalo sijawahi kumsikia akilitaja, na tukaanza kucheka wote wawili, yeye akibana miguu na kunipiga begani, "Usinichekeshe, shetani wewe, usinichekeshe!" hadi Dunja akaita kutoka ndani akiuliza kuna nini huko nje.

"Hakuna kitu," Mama Persida akajibu. "Lala. Naongea na Stamena."